Nyota zilizomezwa na anga: jibu kwa mshonaji anayeogopa kukata

*Swali: Shikamoo fundi. Huu ni mwaka wangu wa pili nashona kwilti, yale matandiko ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa. Nikifuata rangi za kwenye mchoro kazi inatoka vizuri, nikichagua mwenyewe naharibu. Ya mwisho ilikuwa ya nyota. Nilichukua bluu, kijani na zambarau, rangi ninazozipenda kuliko zote, na kila kitambaa kilikuwa kizuri peke yake. Nilipomaliza nikaitandika kitandani, nikasimama mlangoni, sikuona nyota hata moja. Nimenunua gurudumu la rangi, halijanisaidia. Sasa nina vitambaa 14 kabatini: vinne vya bluu, vitatu vya kijani, vitatu vya zambarau, viwili vya damu ya mzee, kimoja cha rangi ya chungwa, na kimoja cha njano ya haradali ambacho kila anayekiona anakicheka. Miezi minane sijathubutu kukata. Naomba uniambie rangi gani inaendana na ipi, na ukingo niuweke wa rangi gani.*

Marahaba. Nianze na zile nyota, maana ndizo zilizokutia woga, na woga wenyewe umeuelekeza siko. Nyota zako hazikupotea kwa sababu bluu, kijani na zambarau hazipatani. Zinapatana sana, ni majirani wa ukuta mmoja. Zilipotea kwa sababu zote tatu zilikuwa na giza sawa. Jicho likiwa karibu husoma jina la rangi: hii bluu, hii kijani. Likirudi nyuma hadi mlangoni, majina hufifia, likabaki jambo moja tu: kipi kinang'aa na kipi kimeiva. Wewe ulishona nyota zenye giza juu ya anga lenye giza lilelile. Mshono wako huenda hauna kosa hata moja.

Kwa hiyo swali la rangi gani inaendana na ipi naliweka kando kwa sasa, nawe uliweke kando. Nimeshona miaka mingi na sikumbuki kwilti iliyoharibika kwa sababu rangi mbili zilikataana. Ninazozikumbuka ni zile ambazo rangi zote zilikubaliana kupita kiasi, mpaka kazi ya miezi mitatu ikaonekana kama shuka moja lenye mabaka.

Kitambaa chochote ukikishika mkononi, kina mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni jina lake: nyekundu, kijani, zambarau. La pili ni mwanga wake, yaani kimekaribia weupe au weusi kwa kiasi gani. Hapa ndipo tunaposema bluu hii imeiva, ile imepauka. La tatu ni ukali wake. Kuna bluu inayowaka na kuna bluu iliyopoa kama imechanganywa na majivu, na zote mbili zinaweza kuwa na mwanga uleule. Anayeanza kushona hununua kwa jina. Lakini umbo kwenye kwilti hushikwa na mwanga, na ukali ndio unaoamua jicho litue wapi kwanza. Jina huja mwisho, ingawa ndilo tunalolizungumzia siku nzima.

Gurudumu ulilonunua halikukusaidia kwa sababu hiyohiyo. Wazo la kuzipanga rangi katika duara ni la zamani; Isaac Newton alilichora katika kitabu chake cha mwanga mwaka 1704, na tangu hapo limechorwa kwa namna nyingi. Lakini gurudumu la kawaida linaonyesha majina tu, tena kila rangi ikiwa kali kabisa. Nani anashona kwa rangi kali tupu kumi na mbili? Linakuambia njano iko mkabala na zambarau, na hilo ni kweli, tutalihitaji baadaye. Halikuambii kwamba kitambaa chako cha zambarau na kimoja cha bluu vikiondolewa rangi vitakuwa kitu kimoja.

Jaribio la kufanya leo, bila mkasi, ni hili. Vitoe vitambaa vyote 14, vikunje ili kila kimoja kionyeshe ukanda wa upana uleule, kisha vipange kwa mstari kutoka chenye mwanga zaidi hadi chenye giza zaidi. Panga kwa macho tu, na uyafinye kidogo mpaka uone ukungu. Ukishamaliza, piga picha kwa simu na uiondoe rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Sasa tazama mstari wako. Utakuta mahali ulipoamini ngazi inashuka vizuri kumbe inapanda, na utakuta kundi kubwa katikati limegeuka kijivu kimoja.

Nabashiri kundi hilo litakuwa na vitambaa tisa au kumi. Si uganga. Karibu kila niliyemfundisha alikuja na rundo la namna hiyo, kwa sababu rangi za wastani ndizo zinazovutia kitambaa kikiwa kimekunjwa. Chenye mwanga sana huonekana kama hakijamaliza kutiwa rangi, chenye giza sana huonekana kizito, na mkono unavipita vyote viwili. Damu ya mzee yako huenda imeketi peke yake upande wa giza, pengine na bluu moja. Upande wa mwanga nadhani hakuna mtu, labda haradali na chungwa wamejisogeza kidogo.

Wapo wanaotazama kupitia kipande cha plastiki chekundu badala ya simu. Kwa rundo lako kitakudanganya: vitambaa vyenye wekundu hung'aa kuliko vilivyo, na kijani huwa nyeusi. Kiache. Simu nayo si hakimu wa mwisho, ila kwa kazi hii inatosha.

Ukishaiona picha hiyo, utaelewa kwa nini michoro ya zamani ya kwilti imedumu. Chukua nyumba ya magogo, ule mchoro wa vipande virefu vinavyouzunguka mraba mdogo wa katikati, ambao kwa desturi huwa mwekundu. Nusu ya magogo ni ya mwanga, nusu ya giza, yakigawanywa na mstari wa pembe kwa pembe. Hilo tu. Ukitimiza hilo unaweza kutumia vitambaa arobaini visivyojuana, na mchoro utasimama. Au chukua mchoro wa masanduku, wenye vipande vitatu vya umbo la almasi vinavyokutana kwenye ncha. Kimoja kikiwa cha mwanga, cha pili wastani, cha tatu giza, jicho linaona sanduku lenye juu na pande mbili. Kosea mwanga wa kimoja tu, na sanduku linalala chini kuwa mkeka.

Na si lazima majina yawe mengi. Wanawake wa Gee's Bend, jamii ya Wamarekani weusi iliyoko kwenye pindo la mto Alabama, walishona kwa nguo za kazi zilizochakaa, nyingi za dengrizi, yaani kitambaa cha jinzi. Suruali moja ya dengrizi ina bluu ngapi? Gotini imepauka karibu kuwa nyeupe, ubavuni ni ya wastani, na pale mfuko ulipokuwa, ukiubandua, unakuta bluu ya siku ilipotoka kiwandani. Kwa bluu hizo za nguo moja wametengeneza kazi ambazo mwaka 2002 zilionyeshwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney jijini New York. Ukizitazama utaona vipande vinasogea mbele na kurudi nyuma, na jina la rangi ni lilelile moja. Una bluu nne kabatini. Kama zingekuwa na mwanga tofauti, zingekutosha kwilti nzima.

Hapo ndipo upungufu wako ulipo. Kitambaa cha kumi na tano cha rangi unayoipenda hakitakusaidia. Unahitaji vitatu ambavyo kwa kawaida usingevichagua: kimoja cha rangi ya maziwa, kimoja cha kijivu chepesi, na kimoja cha samawati au waridi iliyopauka kiasi cha kumfanya mtu aulize kama ni rangi au ni weupe uliochafuka. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa anga. Au ugeuze: anga liwe bluu yako iliyoiva kuliko zote pamoja na damu ya mzee, na nyota zishonwe kwa hivyo vipya vyenye mwanga. Mimi ningechagua njia ya pili, kwa sababu nitakazozieleza nikifika kwenye haradali.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kuendana, kwa sababu lina jibu, ila halifanani na orodha uliyoitarajia.

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa aitwaye Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, kilichokuwa kikifuma mazulia ya kutundika ukutani. Malalamiko yalimfikia kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazina nguvu. Zikifumwa kama kivuli kwenye mavazi ya bluu na zambarau, zinaonekana zimechuja. Alifanya ambalo mkemia yeyote angefanya, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za watu wengine. Zilikuwa sawa. Rangi haikuwa na dosari. Dosari ilikuwa jirani: nyeusi ikiwekwa kando ya bluu iliyokolea, jicho lenyewe huipaka nyeusi hiyo wekundu wa kutu. Aliendelea kuchunguza jambo hilo kwa miaka, na mwaka 1839 akachapisha kitabu kizima kuhusu namna rangi zinavyobadilishana zikikaa pamoja.

Usilichukue neno lake wala langu. Kata vipande viwili vya kijivu, vyote kutoka kitambaa kimoja, sentimita 5 kwa 5. Kimoja kilaze katikati ya haradali, kingine katikati ya zambarau iliyoiva. Subiri kidogo ukivitazama. Kilicho juu ya haradali kitapata baridi, kitaelekea bluu au zambarau, na kitaonekana kimeiva zaidi. Kilicho juu ya zambarau kitaelekea manjano na kitang'aa. Mtu akiingia chumbani atakuambia ni vitambaa viwili. Viinue uviweke pamoja, vinarudi kuwa kimoja.

Nimelitaja hili kwa urefu kwa sababu ndilo linalokufunga mikono. Kwa miezi minane umekuwa ukivihukumu vitambaa vikiwa vimekunjwa kabatini, kimoja kimoja. Kitambaa kabatini hakina rangi unayoitafuta bado. Rangi yake kitaipata kwa majirani, baada ya kukatwa na kuwekwa mahali. Ndiyo maana kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake na nyota zikapotea. Uzuri wa peke yake hauna habari na kwilti.

Twende kwa haradali. Wanaoicheka wanaiona kama njano iliyoshindwa kuwa njano. Kwangu ndicho kitambaa chenye faida kubwa kuliko vyote 14. Njano safi ni rangi ya ajabu: hufikia ukali wake wa juu ikiwa na mwanga mwingi, na ukiitia giza hugeuka rangi nyingine, haradali au kijani cha zeituni. Zambarau ni kinyume chake, hukolea zaidi ikiwa imeiva. Kwa hiyo hizo mbili zikikaa pamoja hazitofautiani kwa jina tu, zinatofautiana kwa mwanga pia, na kila moja humwongezea mwenziwe nguvu, kama Chevreul alivyoona. Johannes Itten, aliyekuwa mwalimu kwenye shule ya Bauhaus huko Ujerumani, alifundisha vipimo vya kuanzia: eneo moja la njano kwa matatu ya zambarau, moja la chungwa kwa mawili ya bluu, na nyekundu kwa kijani nusu kwa nusu. Ni vipimo vya rangi zikiwa kali kabisa, na haradali yako imepoa, basi unaweza kuizidisha kidogo. Usivishike kama sheria. Mimi hutumia hesabu hiyo kujua tu kama nimekosea sana.

Jambo la rangi zilizopoa linahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapo ndipo washonaji wanaojiona wajasiri huanguka. Ujasiri wa rangi si kutumia rangi kali nyingi. Kitambaa kikali huwaka kwa sababu waliokizunguka wamenyamaza. Waamishi wa Marekani, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walishona kwa vitambaa vya rangi moja visivyo na maua wala mistari, na wale wa Ohio walipenda sana kuweka nyeusi. Katikati ya nyeusi hiyo nyekundu na zambarau huonekana kama zina taa nyuma yake. Zing'oe uziweke kati ya njano, chungwa na kijani cha kuwaka, taa inazimika papo hapo, wala hakuna uzi uliobadilika. Ndiyo maana nilisema ningelifanya anga lako kuwa bluu iliyoiva na damu ya mzee. Chungwa yako moja, ikikatwa vipande vidogo na kutupwa huku na huko ndani ya giza hilo, itafanya kazi ambayo mita tano za chungwa haziwezi.

Tena usiogope idadi. Wanaoanza hudhani vitambaa vitatu ni salama kuliko thelathini. Ni kinyume. Vikiwa vitatu, kila kimoja kinabeba theluthi ya kazi, na kimoja kikikosea hakuna pa kujificha. Vikiwa thelathini, hakuna chenye uwezo wa kuharibu. Ukiona kipande kimoja kinasumbua, kinachomoza kama jino la dhahabu, kabla ya kukitoa jaribu kuongeza vingine viwili vinavyofanana nacho sehemu nyingine za kwilti. Kimoja kilikuwa ajali. Vitatu vinaonekana vimekusudiwa, na mara nyingi ndivyo vinavyoifanya kazi ikumbukwe.

Hujaniambia kama vitambaa vyako vina maua au ni vya rangi moja, kwa hiyo nitasema kwa ufupi. Kitambaa cha maua makubwa si rangi moja. Kina sehemu ya mwanga na sehemu ya giza, na mkasi wako ndio utakaoamua kila kipande kipate ipi. Chukua karatasi ngumu, toboa dirisha la ukubwa ambao kipande kitakuwa nao baada ya kushonwa, na ulitembeze juu ya kitambaa. Kumbuka mshono hula zaidi ya nusu sentimita kila upande: mraba wa sentimita 6.3 utakaoukata utaonekana kama sentimita 5 tu. Ukiona dirisha linabadilika kutoka mwanga kwenda giza kila ukilisogeza, kitambaa hicho usikitumie kwenye ncha za nyota, kitazikata vidole. Kiweke mahali penye eneo pana. Vitone vidogo vyeupe juu ya bluu ni habari nyingine: kwa mbali havionekani kama vitone, huchanganyika na bluu na kuifanya iwe nyepesi. Hivyo vinakufaa sana kupata bluu ya wastani usiyo nayo.

Basi kazi ifanyike wapi? Ukutani. Kitandani na sakafuni unaitazama kwilti kwa mshazari, upande wa karibu ni mkubwa na wa mbali ni mdogo, na jicho halihukumu sawa. Mwaka 1971 makumbusho ya Whitney yalitundika kwilti za zamani za Marekani kwenye kuta kama picha za wachoraji, na watu waliozoea kuziona zimetandikwa waligundua walikuwa hawajaziona. Wewe huhitaji makumbusho. Bandika ukutani kipande cha flaneli, au ile pamba ya tabaka la kati unayoitumia kujazia, na vipande vya kitambaa cha pamba vitashika vyenyewe bila pini. Weka vichache, rudi nyuma mita tatu au nne, finya macho, piga picha ya rangi na picha isiyo na rangi. Itazame picha ikiwa ndogo kabisa kwenye kioo cha simu, kama ukucha. Nyota ikionekana hapo, itaonekana popote.

Kisha iache usiku kucha. Asubuhi upitapo bila kukusudia, sekunde ile ya kwanza kabla akili haijaanza kujitetea ndiyo yenye jibu.

Fanya maamuzi ya rangi kwa mwanga wa dirishani. Taa yenye mwanga wa manjano hulainisha bluu na kuipandisha nyekundu, na vitambaa viwili vinavyofanana chini ya taa vinaweza kuachana kabisa juani. Mimi niliwahi kukata usiku kwilti ya bluu iliyoiva, nikamaliza vipande vyote, na mchana nikakuta theluthi yake ni nyeusi. Niliishona hivyohivyo. Imekuwa nzuri, lakini sikuistahili.

Usianze na kwilti nzima. Shona vibloku vinne tu, yaani miraba minne, vya nyota moja, kwa vitambaa vilevile vitano, ukivibadilishia mahali: katika cha kwanza anga liwe la giza, cha pili la mwanga, cha tatu haradali iwe moyo wa nyota, cha nne haradali iwe ncha. Kazi ya jioni mbili. Utashangaa kwamba ni vitambaa vilevile, na kipande cha mkasi ulichokuwa ukikionea huruma hakikuzidi shubiri. Tumia uzi wa kijivu cha wastani kuunganishia, huzama kwenye karibu rangi zote na hukupunguzia kubadilisha uzi kila dakika. Uzi wa kudarizia juu, ule unaoshika tabaka tatu pamoja, ni jambo la baadaye, ila ujue kwamba uzi mweupe uliopigwa kwa wingi juu ya anga la giza utalipausha, na mwanga uliouhesabu ukutani utabadilika.

Sasa ukingo. Jibu langu ni kwamba huwezi kuuchagua leo, wala usiununulie kitambaa leo. Ukingo ni jirani wa kwilti nzima, na jirani huyo ni mkubwa kuliko wote. Ukiwa wa mwanga, katikati yote itaonekana imeiva zaidi. Ukiwa wa giza, katikati itang'aa na kusogea mbele. Ukiwa wa rangi kali kuliko zote ndani, macho yote yatakimbilia kwenye ukingo na nyota zitabaki yatima. Ikamilishe katikati, itundike, kisha kunjua kila kitambaa ulicho nacho kandokando yake, kimoja kimoja, upige picha. Mara nyingi mimi huishia kwenye rangi ambayo tayari imo ndani lakini si inayowaka, na kwa kwilti yako nahisi itakuwa mojawapo ya zile kijani, hasa iliyopoa. Utepe wa mwisho wa kufungia kingo, ambao huonekana kama sentimita moja hivi, ndipo unapoweza kufanya utundu. Chungwa kidogo pale, kwa mfano, haitamuumiza mtu.

Wengine watakuambia usiweke kijani na zambarau pamoja, au bluu na nyeusi, au nyekundu na waridi. Waulize wameona wapi. Kisha warudishe kwenye mwanga.

Kabla hujaanza, jambo moja la tahadhari, na linahusu damu ya mzee. Vitambaa vyekundu vilivyokolea, pamoja na bluu na zambarau zilizoiva, ndivyo vinavyovuja zaidi, na ulivyo navyo ni vingi. Nina kwilti moja ya nyekundu na nyeupe ambayo baada ya kufuliwa mara ya kwanza ikawa ya nyekundu na waridi. Wageni huisifia, nami huwaacha waamini. Kata kipande kidogo cha kila kitambaa kilichoiva, kiloweke kwa maji ya moto yenye sabuni kidogo, kisha kilaze kikiwa kimelowa juu ya kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kikiacha alama, kifue peke yake kwa maji ya moto, urudie mpaka maji yatoke safi, na kama hayatoki safi baada ya mara nne au tano, kitambaa hicho usikiweke karibu na rangi ya maziwa. Kisipoacha alama, kata.